Maua Hayatoki, au Yametoka na Nyuki Hawaji: Kutafuta Chanzo cha Tatizo Katika Bustani ya Pwani Msimu wa Kaskazi

Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndio ambao mwenye bustani ya pwani hutazamia maua mengi kuliko miezi mingine yote: mvua za vuli zimekwisha kulowesha ardhi, jua linawaka tangu asubuhi, na joto la mchana la Dar es Salaam au Tanga hufika nyuzi 31 na 32. Ndio msimu pia ambao watu hufika kwenye kitalu changu wakiwa na tawi lililokatwa mkononi, na neno lao huwa moja, kwamba maua yamekataa. Neno hilo linaficha matatizo mawili yasiyohusiana. Kipo kichaka kisichotoa maua kabisa, na kipo kichaka kilichojaa maua ambacho nyuki, vipepeo na ndege aina ya chozi hawakitembelei. Chanzo cha tatizo la kwanza karibu kila mara kimo katika mkasi, mbolea, maji au udongo, ilhali chanzo cha tatizo la pili kimo katika umbo la ua, katika dawa iliyopuliziwa, au katika saa aliyoichagua mwenye bustani kutazama. Anayemwaga mbolea kwa sababu nyuki hawaji huishia kuwa na matatizo yote mawili.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kitu chochote, inama utazame ncha za matawi. Kama hakuna hata tumba moja, endelea na sehemu inayofuata. Kama matumba yapo lakini yanaanguka, ruka hadi sehemu ya pili. Kama maua yamefunguka vizuri na tatizo ni wageni, unaweza kuyaacha yote hayo na kusoma kuanzia sehemu ya nne.

Majani mengi, matumba hakuna

Chunguza mkasi kabla ya kumlaumu aliyekuuzia mche. Haibiskasi, duranta, tekoma, plumbago na mhina huweka maua kwenye ncha za matawi machanga, yaani sehemu ileile ambayo mtunza bustani huikata kila Jumamosi ili michongoma inyooke kama ukuta. Duranta ndiyo inayoonewa zaidi. Imezungushiwa nyumba nyingi mijini, na wapo wenye nyumba walioishi nayo miaka kumi bila kujua kwamba ina vishada vya maua ya zambarau ambavyo nyuki na vipepeo huvipenda sana, kwa sababu haijawahi kupewa hata miezi miwili ya kukua bila kukatwa. Kwa anayetaka maua ya kaskazi, upogoaji mzito ufanywe Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla mvua za vuli hazijakolea, na kuanzia katikati ya Novemba mkasi uwekwe ndani. Asiyeweza kuvumilia michongoma yenye nywele zilizosimama anaweza kuupunguza upande wa barabarani peke yake na kuuacha upande wa ndani uchanue. Tahadhari moja kuhusu duranta: vitunda vyake vya njano vinavyofuata maua ni sumu, kwa hiyo penye watoto wadogo vishada vikatwe mara tu maua yanapopukutika.

Mhina una kisa chake. Bibi jirani yangu ana mhina wa miaka mingi nyuma ya jiko, na harusi au sikukuu inapokaribia wasichana wa mtaa mzima huja kuchuma majani. Bibi aliniita siku moja akiamini kwamba mti wake umezeeka, kwa kuwa hauchanui tena. Tulipouzunguka tulikuta upande unaoelekea njiani umebaki vijiti na majani machache, ilhali upande wa ukutani, ambao mikono haiufikii, ulikuwa umeinama kwa vishada vya maua madogo yenye rangi ya maziwa, na nyuki walikuwa wakivuma humo tangu kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Mhina unaochumwa kila wiki hutumia nguvu zake zote kurudisha majani. Bibi hakukataza uchumaji. Aliugawa mti tu kwa kamba, nusu ya wasichana na nusu ya nyuki.

Ikiwa mkasi hauna kosa, chunguza mbolea. Yurea ni naitrojeni kwa asilimia 46, na naitrojeni ikizidi, mmea huona hakuna haja ya kuchanua. Samadi ya kuku iliyotolewa bandani jana ina tabia hiyohiyo, na zaidi ya hapo huunguza mizizi. Dalili zake haziwezi kukupotea: majani ni makubwa, laini, ya kijani iliyokolea, machipukizi ni marefu yenye nafasi pana kati ya jani na jani, na vidukari wamejikusanya kwenye ncha kwa sababu hapo machipukizi ni laini. Mara nyingi mbolea hiyo haikuwekwa kwenye kichaka chenyewe. Iliwekwa kwenye nyasi za ukoka zilizo jirani, na maji ya mpira yakaipeleka. Acha mbolea yoyote kwa muda wa miezi miwili au mitatu, kisha mwanzoni mwa vuli nyingine weka ndoo moja ya samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza hadi isinuke, uishie hapo.

Maji nayo yana hukumu yake, na hapa bogenvilia inasimama peke yake. Mmea huu wenye asili ya Amerika ya Kusini huchanua vizuri zaidi unapobanwa na ukame, na wanaoumwagilia kila jioni pamoja na mboga hupata majani na miiba. Uache ukae hadi majani yaanze kulegea kidogo wakati wa mchana, ndipo uumwagilie kwa wingi, kisha uuache tena. Baada ya wiki chache za ukali huo rangi huanza kutokea. Haibiskasi ni kinyume chake kabisa, na kuvipanda viwili hivyo kwenye shimo moja la maji ni kujitafutia lawama.

Kivuli nitakipitia haraka. Kichaka kilicho chini ya mwembe au mkungu kisichopata jua la moja kwa moja kwa walau saa sita hakitachanua kwa dawa yoyote. Kihamishe mwanzoni mwa masika, au ukubali kukaa na majani yake.

Matumba yanatokea, kisha yanaanguka

Haibiskasi ndiyo mlalamikiwa mkuu. Okota tumba lililoanguka asubuhi, lipasue kwa wembe kutoka kwenye kikonyo hadi nchani, ukalitazame juani. Kama ndani ni safi na pamekauka kwenye kiungo tu, tatizo ni maji yanayokuja kwa kupanda na kushuka: siku nne hakuna kitu kwa sababu bomba limekatika, siku ya tano mmea unazamishwa. Dawa yake ni matandazo. Makumbi ya nazi yaliyopasuliwa, yakitandazwa kwa unene wa sentimita saba hivi na kuachwa wazi kiganja kimoja kuzunguka shina, huzuia udongo wa mchanga kukauka kwa ghafla, na kwa watu wa pwani makumbi hayana bei.

Kama ndani ya tumba kuna vijidudu vyembamba vinavyokimbia, vidogo kuliko punje ya mchele iliyokatwa vipande vinne, hao ni thiripi. Kung'uta matumba mengine juu ya karatasi nyeupe kutakuthibitishia. Okota matumba yote yaliyoanguka na uyachome au uyafukie mbali, kwa kuwa kuyaacha chini ni kuwalea. Kama ni unga mweupe kama pamba kwenye vikonyo, hao ni vidung'ata, na hapo usiwatazame wao peke yao, watazame na sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye shina. Sisimizi hunywa utamu unaotoka kwa vidung'ata na kwa malipo yake huwalinda. Kuwafukuza vidung'ata huku ukiwaacha sisimizi ni kazi ya kurudia kila wiki. Ondoa matawi yanayogusa ukuta au mti mwingine ili sisimizi wabaki na njia moja ya shinani, ukaizuie njia hiyo, kisha uoshe matawi kwa maji ya sabuni laini.

Mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, gramu 50 kwa lita moja ya maji, zikilala usiku kucha na kuchujwa kwa kitambaa, hufanya kazi nzuri kwa vidukari na vidung'ata wachanga. Pulizia jioni nyuki wakisharudi, na uelekeze kwenye majani na vikonyo, usielekeze kwenye ua lililo wazi, kwani mwarobaini kuwa dawa ya kienyeji hakuondoi ukweli kwamba ni dawa ya wadudu.

Kuna chanzo kingine ambacho wageni wa pwani hawakifikirii, nacho ni chumvi. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ambayo ulimi unaweza kuyavumilia lakini mzizi hauwezi. Ncha za majani huungua kahawia kama zilizoguswa na moto, utando mweupe hutokea juu ya udongo wa chungu, na matumba huanguka yakiwa mabichi. Tumia maji ya mvua uliyoyakinga wakati wa vuli kwa maua yaliyo kwenye vyungu, na kwa yale ya ardhini mwagilia mara chache lakini kwa wingi ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku kwa maji ya chumvi ni kuirundika hapohapo.

Majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani

Hili ni tatizo la iksora, na kwa nyumba zilizojengwa juu ya mwamba wa matumbawe ni karibu ahadi. Udongo wa matumbawe una chokaa nyingi. Ndani yake madini ya chuma yapo, lakini yamefungwa na mzizi hauwezi kuyafyonza. Tofauti na njaa ya naitrojeni, ambayo huanza kwenye majani ya zamani ya chini, njaa ya chuma huanza kwenye majani mapya ya juu, na mishipa hubaki ya kijani kama ramani. Iksora iliyopandwa kando ya ukuta uliopakwa chokaa, au mahali mafundi walipochanganyia saruji, hupatwa hata pasipo na matumbawe.

Nimeona watu wakizika misumari yenye kutu kwenye shina. Kutu ndiyo hiyohiyo chuma iliyofungwa, na katika udongo wenye chokaa haifunguki. Nimeona pia wanaoongeza jivu la jikoni, na hilo ni kuongeza chokaa juu ya chokaa. Ukitaka kuitibu iksora iliyo ardhini itakubidi ununue chuma iliyotengenezwa kwa ajili ya udongo wa chokaa na uirudie maisha yote. Ushauri wangu ni kuipanda kwenye chungu kikubwa chenye mboji nyingi, au kuiacha kabisa na kupanda mhina, ambao hauna ugomvi na udongo wa namna hiyo.

Maua yapo, wageni hawapo

Hapa ndipo penye makosa mengi, na la kwanza ni saa. Mwenye nyumba hurudi kazini saa kumi na moja jioni, hutazama, haoni kitu, na kuhitimisha kwamba nyuki hawapo. Katika joto la kaskazi mbochi, yaani maji matamu ya ua, hukauka mapema, na kuanzia saa nne au tano asubuhi nyuki wengi huacha maua na kwenda kutafuta maji ya kupozea mzinga. Toka nje saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simama hatua mbili kutoka kwenye kichaka kimoja, usitembee, na uhesabu kwa dakika kumi. Rudia siku tatu. Maua yenye harufu ya usiku yatazame pia magharibi ikiingia, kwa kuwa wageni wake ni nondo, ambao hawajitangazi kwa mvumo.

Kama asubuhi tatu zimepita bila mgeni, shika ua lenyewe na ulikague. Haibiskasi ya asili ina petali tano na mnara mmoja katikati uliojaa chavua. Zile za petali tele, zinazofanana na waridi na kuuzwa kwa bei ya juu zaidi vitaluni, zimepata uzuri wao kwa stameni, yaani vijiti vyenye chavua, kugeuka petali. Chavua ni kidogo au haipo, na mbochi umefungiwa nyuma ya kuta. Nyuki akifika mara moja hujifunza, harudi. Bogenvilia nayo hudanganya jicho letu: kile tunachokiita ua lake ni majani yaliyobadilika rangi, na maua ya kweli ni yale madogo meupe yaliyo katikati, ambayo nyuki hawapati mengi ndani yake. Ninaipenda bogenvilia, na langoni kwangu ipo, lakini sijawahi kumuuzia mtu kwa ajili ya nyuki.

Linganisha pia umbo la ua na mdomo wa mgeni unayemtaka. Mirija myembamba na mirefu ya plumbago na iksora imefaa vipepeo wenye mirija mirefu ya kunyonyea. Ua la tekoma la rangi ya chungwa lililojipinda ni la chozi, ambaye mdomo wake umepinda vivyo hivyo. Ukiona ufa mdogo kwenye tako la ua la tekoma, ujue wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa wamepita, wameiba mbochi kwa mlango wa nyuma bila kugusa chavua. Nyuki wa asali huhitaji maua madogo yaliyo wazi, na kwa hao sijaona kinachoushinda mhina na kivumbasi. Kivumbasi hukatwa vishada vilivyokauka ili kitoe vingine, na upepo wake jioni huburudisha hata mwenye nyumba. Lantana huvuta vipepeo kweli, ila imekuwa gugu linalovamia malisho na misitu na ni sumu kwa mifugo, kwa hiyo siipandi wala siiuzi.

Idadi nayo ina uzito wake. Nyuki akianza aina moja ya ua hupenda kuendelea nayo katika safari hiyo, na kichaka kimoja kimoja cha kila aina, kilichotawanywa kwenye uwanja kama maonyesho, hakimpi sababu ya kutua. Vivumbasi vitano pamoja vina faida kuliko maua ya aina tano.

Sasa dawa. Miaka michache iliyopita nilikodi watu wa kupulizia dawa ya mbu na mende kuzunguka nyumba, na kwa kuwa walikuwa wamebakiwa na dawa kwenye pampu, kijana mmoja kwa wema wake akaimalizia juu ya duranta iliyokuwa imechanua. Kesho yake nilifagia nyuki waliokufa chini yake kwa ufagio wa chelewa, na waliobaki hawakurudi msimu ule. Dawa kama saipamethrini na imidaklopridi huua nyuki waziwazi, na ya pili huingia ndani ya mmea hadi kwenye mbochi na chavua, kwa hiyo kuosha majani hakusaidii. Uliza kitaluni mche umepuliziwa nini kabla ya kuutoa kwenye kiriba. Wapuliziaji wa nyumba waambie mapema, na usimame nao.

Na kabla ya kusema umemaliza uchunguzi, geuza majani. Majimoto, wale sisimizi wanaoshona majani kuwa kiota, wakiwa juu ya kichaka, hutembea juu ya maua kama askari wa zamu, na nyuki akiwaona huchepuka. Kwenye minazi na mikorosho majimoto ni rafiki wa mkulima, kwa sababu huwafukuza kunguni wanaoharibu matunda, kwa hiyo sishauri wauawe. Kata tawi lenye kiota alfajiri, na ulihamishie kwenye mnazi au mwembe.

Vipepeo wachache, majani yaliyotobolewa

Malalamiko haya mawili huletwa na mtu yuleyule, na mara nyingi moja ndilo jibu la lingine. Wale viwavi walio kwenye mlimau wako, ambao wakiwa wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege na wakikua huwa kijani, ni watoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anayeonekana kote Afrika Mashariki. Plumbago nayo hulisha viwavi wa vipepeo wadogo wa buluu. Ukiwaua viwavi Novemba, usimtafute kipepeo Januari. Mlimau uliokomaa huvumilia kuliwa majani kadhaa. Mche mchanga wenye majani kumi ndio pekee unaostahili kuokolewa, na hapo viwavi huhamishwa kwa mkono hadi kwenye mti mkubwa.

Nyuki wamezidi

Tatizo hili hutokea kwa aliyefanikiwa. Nyuki wetu ni wakali wanapotetea mzinga, ijapokuwa wakiwa kwenye ua hawana habari na mtu. Panda vichaka vyao walau hatua kumi kutoka mlangoni, dirisha la jiko na mahali watoto wanapochezea, na kama nyumbani kuna mtu mwenye mzio wa nyuki, bakia na tekoma na plumbago, ambazo wageni wake wakuu ni ndege na vipepeo. Nyuki wanaojazana kwenye bomba linalovuja wanatafuta maji tu: ziba bomba, na uweke mbali sahani pana ya udongo yenye maji na kokoto za kutulia, uibadilishe maji kila siku ili mbu wasitage.

Kundi zima likija kuning'inia kwenye tawi kama fungu la zabibu, halijaja kukaa. Linapumzika huku wapelelezi wake wakitafuta makao, na kwa kawaida huondoka baada ya saa chache au siku moja mbili. Funga madirisha ya upande huo, wafungie mbwa na kuku mbali, usiwashe moshi wala usimwage mafuta ya taa, na umpigie simu mfugaji wa nyuki aje jioni na mzinga mtupu.